Akam-

Karanga za Nachingwea, shilingi mia mbili,
karatasi imesokotwa pembe.
Nimekwisha kula nusu ndipo naona
nimeshika ukurasa wa arobaini na sita
wa kitabu kisicho na jalada wala jina.
Chumvi imelainisha pambizo.
Baba mkwe amerudi usiku. Tabia yuko mlangoni na taa.
Na mstari wa chini kabisa:
*akamtazama kwa muda mrefu, kisha akam-*

Basi. Hapo karatasi imekwisha.

Nilipanga herufi miaka thelathini na mmoja
huko Masasi, chumba kimoja, dirisha moja,
vidole vyeusi hata siku ya Idi ya jirani.
Mjomba Valeriani Nampoto ndiye aliyenifunza kukata.
“Kitanda kikikosa nafasi, ni ki-ta-nda.
Ukikiacha kitan-, mgeni utamlaza wapi? Juu ya da?”
Ng’ombe usimtenge na king’ong’o chake.
Herufi moja usiitupe peke yake ukingoni,
hasa usiku.
Na kistari, alisema, ni ndoo tupu
kwenye foleni ya bomba:
mwenyewe hayupo, lakini zamu ni yake.

Kwa hiyo najua ninachokitazama.
A, ni yeye. Ka, ni baada ya hayo.
M, ni yule mwanamke mwenye taa.
Watu wote wawili wamefika, na saa imefika.
Lililobaki ni tendo,
nalo limevuka upande wa pili.

Tena naitambua g hii.
Mkia umekatika, ile ya kasha la tatu,
niliyokuwa nikisema kila mwaka nitaitupa.
Kumbe ni mkono wangu.
Mimi ndiye niliyemkata Tabia hapa,
nikiwaza upana wa safu na chai ya saa nne,
na sikumbuki nilipanga nini mstari uliofuata.
Mpanga herufi hasomi. Maneno
huyaona kichwa chini.

“Bi Somoe, karatasi iliyofuata hii?”
“Nimemfungia mtu wa Ruponda. Kaondoka.”
“Iliandikwaje?”
Akanitazama kama mtu anayeulizwa
kuku aliyechinjwa jana alikuwa akiwaza nini.

Nikawasomea, maana walishaanza kusikiliza.
Fundi pikipiki hakuinua kichwa kwenye mnyororo:
“Akampiga. Usiku, mkwe, mlango. Ulitaka nini tena?”
Binti mmoja mwenye sare ya zahanati
alinyamaza hadi nikadhani hana neno.
“Akampokea ile taa,” akasema.
“Mkono si unachoka.”
Fundi akacheka, kisha akaacha kucheka.
Bi Somoe alikuwa akijaza kopo:
“Akampimia.”
“Akampimia nini?”
“Sijui. Alichokuja nacho.”
Akarundika mpaka juu, akaongeza konzi ya bure.

Nilinunua pembe nyingine nne.
Mbili zilikuwa hesabu za darasa la sita,
moja magonjwa ya muhogo,
moja tupu kabisa, nyeupe pande zote,
na hiyo niliiangalia kuliko zote.

Sasa umeme umekatika nyumba ya wageni.
Tumbo limejaa, mdomo una chumvi.
Tabia bado amesimama pale pale,
na mafuta ya taa si ya kudumu.

Namfikiria yule wa Ruponda.
Kipande chake hakina kistari.
Kistari hubaki nyuma, huku kwangu,
na kule neno huanza kama neno zima,
bila aliyetenda, bila aliyetendwa.
Pengine ameshafika, amekunjua karatasi
kwenye kibaraza chake, karibu na mke wake,
akasogeza karanga kwa kidole,
na juu kabisa, pasipo mtu wa kuambiwa ila yeye,
limeandikwa kama amri:
*piga*.
Au *pokea*.
Au *samehe*.
Naye anatafuna, anasoma tena.